Limefyatuka au Amelifyatua? Kisa cha Kombora la Lumsås

Kisa hiki kililetwa barazani na kijana wa mashua. Tangu asubuhi alikuwa na mgeni mmoja wa Denmark, mtu mzima aliyepita sabini, wakivua na kuogelea Manda Toto, na wakati wa kurudi Shela upepo ukalala. Tanga likalegea, hapakuwa na la kufanya ila mazungumzo. Ndipo mgeni akasimulia habari ya kombora la jeshi la kwao lililoruka bila kutumwa, likaenda kuvunja nyumba za likizo za raia.

"Alicheka mpaka akashika mlingoti," kijana alituambia. "Na mimi nikacheka kwa kuwa yeye acheka. Lakini nilipofunga kamba gatini nikajiuliza: hivi, mimi nimecheka nini?"

Baraza letu liko mjini Lamu, nyuma kidogo ya Mkunguni, hatua chache kutoka ngomeni, na baada ya alasiri hawakosekani watu sita au saba wa kujibu swali lolote, hasa lisilowahusu. Jioni ile walikuwapo mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mvuvi mmoja wa makamo ambaye sote twamwita ami, msimamizi wa nyumba ya Mzungu huko Shela aliyekuja mjini kununua sukari, na muuza kahawa na dele lake. Swali liliulizwa saa kumi na moja. Maghribi ilitukatiza, tukarudi, na tuliachana baada ya isha. Nimeongezea hapa niliyoyasoma baadaye, maana kijana alikileta kisa nusu na mgeni, nadhani, alikitia chumvi.

Ukweli wake ni huu. Jumatatu tarehe 6 Septemba 1982, manowari ya Denmark iitwayo Peder Skram ilikuwa katika Kattegat, bahari iliyo kati ya Denmark na Uswidi. Haikuwa vitani na mtu. Ilibeba makombora ya Harpoon, yaliyotengenezwa na kampuni ya McDonnell Douglas ya Marekani kwa kazi moja, kuzamisha meli. Harpoon moja pamoja na roketi yake ya kurushia ina uzito wa karibu kilo 700, na kichwa chake cha mlipuko peke yake ni kilo 220 hivi. Likisharuka hushuka, likaenda chinichini juu ya maji ili rada ya adui ichelewe kuliona, kwa kasi iliyo pungufu kidogo tu ya mwendo wa sauti. Siku ile, ofisa wa makombora akiwa kwenye mitambo yake, moja likatoka.

Lilikwenda kilomita 34. Lilivuka maji, likaingia nchi kavu katika kisiwa cha Sjælland, kile kile chenye jiji la Copenhagen, likakata nyaya za umeme, likagonga miti na kulipuka kwenye eneo la nyumba za mapumziko la Lumsås. Nyumba nne zikateketea. Majengo mengine yapatayo 130 yakadhurika. Hakuna hata mtu mmoja aliyeumia. Kiangazi kilikuwa kimekwisha, siku yenyewe ni ya kazi, na nyumba zilizopigwa zilikuwa tupu.

Kilomita 34 ni ngapi? Ami aliuliza, naye haulizi kwa sababu hajui kuhesabu, bali kwa sababu kilomita kwake ni kitu cha barabarani. Tukampimia: ukikata moja kwa moja angani kutoka gati la Lamu, ni hadi Faza. Akatikisa kichwa. Kwenda Faza kwa boti ni lazima upite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda una saa zake. Maji yakipwa unakaa kwenye tope na abiria wako, na kuku wao, na mtoto mmoja asiyenyamaza. Kombora lingefika kwa dakika mbili na kitu. Muuza kahawa, aliyekuwa akimimina, aliangalia kikombe mkononi mwake na kusema hapo kahawa haijapoa hata ya kunyweka.

Mwalimu ndiye aliyeukumbuka mwaka. "Septemba themanini na mbili?" alisema. "Mwezi ule mimi sikuwa nikicheka na kitu chochote chenye risasi." Na kweli. Jaribio la mapinduzi la Nairobi lilikuwa tarehe 1 Agosti, wiki tano tu nyuma, na waliokuwa watu wazima wakati ule bado wakikumbuka redio ya asubuhi ile hupunguza sauti wenyewe. Nimeiweka habari hii hapa kwa sababu Wadenmark nao hawakuwa mbali na hofu. Tarehe 4 Mei mwaka ule ule, katika vita vya visiwa vya Falkland, kombora la aina ya Exocet lilikuwa limeipiga manowari ya Uingereza, HMS Sheffield, na mabaharia 20 wakafa. Kwa hiyo mtu wa Lumsås aliyerudi kuangalia paa lake hakuhitaji kufundishwa kombora la baharini hufanya nini. Alikuwa amekwisha kuliona kwenye televisheni.

Juu ya hayo, nchi yenyewe ilikuwa baina ya manahodha wawili. Serikali ya Anker Jørgensen ilikuwa imejiuzulu siku tatu kabla, na Poul Schlüter akashika uwaziri mkuu tarehe 10, siku nne baada ya mlipuko. Msimamizi wa nyumba aliposikia hivyo alisema kombora lilichagua siku, kama yule fundi anayekuja kudai pesa siku mwenye nyumba amesafiri.

Sasa twende kwenye k.

Mwalimu ana tabia ya kumkatiza mtu katikati ya sentensi ili amrekebishie kitenzi, na kwa kawaida tunamchukia kwa hilo. Safari hii alitusaidia. Kijana wa mashua, akisimulia, alisema mara "wakalifyatua" na mara "likafyatuka", bila kujali. Mwalimu akamsimamisha. "Mwanangu, chagua. Ukisema walilifyatua, pana mtu. Ukisema lilifyatuka, hapana mtu. Kesi nzima ya huyo ofisa imekaa ndani ya k moja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kishindo kulikuja uchunguzi, na upande wa waliotengeneza silaha ulikuwa na jibu moja: chombo ni kizima, kosa ni la binadamu. Amelifyatua. Ofisa akashtakiwa kwa uzembe. Yeye akashikilia kwamba hakulirusha. Limefyatuka. Mwisho mahakama ilimwachia. Tena kulikuwa na tukio la kufanana, la Julai 1981, karibu na kisiwa cha St. Croix huko Karibi, ambapo manowari ya Marekani iitwayo USS Coontz ilirusha Harpoon bila kukusudia, nalo likaenda zake baharini. Hilo peke yake halithibitishi kwamba chombo ni kibovu, kwani mikono miwili yaweza kukosea kosa lile lile. Lakini mtu akikwambia mlango wake haufunguki bila ufunguo, kisha ukasikia kwa jirani mwenye mlango kama huo ulifunguka usiku, utataka kukiona hicho kitasa.

Hiyo k sisi tunaijua tangu tukitambaa. Hakuna mtoto wa Lamu aliyewahi kuvunja glasi. Glasi huvunjika. Maji humwagika, nazi huanguka, sukari hupungua. Mama yangu alikuwa na jibu lake, na nina hakika si la kwake peke yake: "Imevunjika? Ina miguu? Ilitoka kabatini ikaja ikajitupa?" Utoto mzima nilidhani swali hilo halina jibu. Kumbe wakili wa Copenhagen angeweza kunijibia. Ndiyo mama, wakati mwingine inajitupa, hebu tuliangalie kabati.

Tuje kwenye kicheko. Kombora hili lina jina Denmark, na ni jina hilo lililompasua mbavu yule mgeni majini. Wanaliita Hovsa-missilet. Missilet ni kombora. Hovsa ni kile kineno anachokitoa Mdenmark anapopindua kikombe au kumkanyaga mtu kidole. Kijana alikuwa ameambiwa maana yake kwa ishara. Mgeni alijifanya anaangusha chupa, akashika mdomo, akasema "hovsa!", kisha akaonyesha angani.

Tulijaribu kulitafsiri, na hapo ndipo saa nzima ilipotupotea. Kijana alipendekeza "Kombora Lo!" Mwalimu akakataa: lo ni ya mtu aliyeshangazwa na jambo la mwingine, na huyu ameshangazwa na lake mwenyewe. Msimamizi akasema "Kombora Ala!" Hiyo pia ikakataliwa, kwani ala ina ukali ndani, utadhani kombora ndilo lililokanyagwa. Muuza kahawa akasema kwao mtoto akijikwaa husemwa "Bismillahi!", basi na liwe hilo, na papo hapo watu watatu wakamwambia aifute kauli, jina la Mungu halipakwi kwenye baruti. Akaifuta. Ami akaja na "Kombora Teleza", akaongeza kwamba waliosema kuteleza si kuanguka hawakuliona hili, lililoteleza kisha likaanguka, tena juu ya nyumba ya mtu. Hilo lilipita bila kupingwa, ingawa mwalimu alinung'unika kwamba si tafsiri, ni jina la mashua.

Nimelifikiria jina hilo tangu siku ile. Jambo lililonikaa ni kwamba hovsa husemwa na mwenye mikono. Kikombe hakisemi hovsa. Aliyekishika ndiye asemaye. Kwa hiyo siku watu walipolibatiza kombora jina hilo, kwa kicheko, bila ubaya wowote, walikuwa wamekwisha kuamua kwamba pana mtu aliyeponyokwa, na ndani ya ile manowari mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Ile k iliondolewa mapema, ikaondolewa na mzaha. Hakimu alipokuja kuirudisha, jina lilikuwa limekwisha kushika. Mahakama yaweza kumwachia mtu, ila haina mamlaka ya kuliamuru taifa liache kutumia neno tamu.

Simlaumu aliyelitunga. Ningekuwa Lumsås ningelitumia hata mimi. Nasema tu kwamba ukiwapanga waliocheka, utaona kicheko hakikuwagharimu sawa. Wenye nyumba nne walikuwa na haki ya kucheka kabla ya wote, kama walitaka. Hasara ni yao, na mwenye hasara akichekesha kuhusu hasara yake hakuna wa kumkataza. Kwetu hata msibani kuna mtani anayeruhusiwa kumsema maiti, na anaruhusiwa kwa sababu ni mtani. Mpita njia akifanya hivyo hutolewa nje. Majirani wa yale majengo 130, nao sawa. Baada yao ni nchi nzima ambayo haikupoteza hata kigae, nayo ilicheka kwa kutua roho, na hilo naliona ni la kibinadamu kabisa. Lakini kampuni iliyotengeneza chombo haikuhitaji kucheka. Ilihitaji wengine wacheke, na wacheke kwa neno lile lile la hovsa, la mtu mwenye mkono mzembe. Sidhani kulikuwa na mpango wowote hapo. Mzaha hupitia palipo wazi, na pale palikuwa na ofisa mmoja mwenye sura, huku mfumo mzima wa nyaya na vitufe hauna sura ya kuchekwa.

Na manowari yenyewe ilichangia. Peder Skram alikuwa jemadari wa majini wa Denmark wa karne ya 16, na lakabu aliyobaki nayo ni "vovehals", yaani jasiri asiyejali shingo yake. Meli imeitwa kwa mtu asiyejali, kisha inaponyokwa na kombora. Ungekuwa mtunzi usingeweza kujizuia. Siku hizi ni meli ya makumbusho, imefungwa Copenhagen, na watu hulipa kuingia.

Barazani kwetu kicheko kilipita njia nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hakuna aliyemcheka ofisa. Ami hata hakuliuliza jina lake. Yeye alinasa kwenye jina la kombora. Harpoon, mwalimu alimweleza, ni chusa.

"Chusa?"

"Chusa. Lile lile."

Ami akaweka kikombe chini. Amekuwa akitumia chusa tangu hajaota ndevu, na alianza kutuonyesha kwa mkono: unalishika hivi, mti huku, chuma huku, na hapa, penye shingo, pana kamba. Kamba inarudi mashuani. Ukikosa, unavuta. Ukimpiga samaki asiye wako, unavuta. "Hilo lao lina kamba?" Tukamwambia halina, likishatoka limetoka. "Basi hilo si chusa," alisema. "Hao wamechukua jina wakaacha kamba." Kisha akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa, na sote tukaangua. Hicho ndicho kichekesho bora cha jioni ile, na ukikitazama utaona kimempata mtengenezaji mwenyewe mahali ambapo "hovsa" ilimwacha salama.

Umeme nao ulitoa chake. Kombora lilipokata nyaya, kijana alisema, Wadenmark lazima walijua papo hapo kuna jambo. Hapa ungekatika, nani angenyanyuka? Mwenye jenereta angewasha jenereta, mwenye mshumaa angewasha mshumaa, mwenye duka angetukana kwa sauti ya kawaida, na kombora lingekuja kugunduliwa keshoye na mtu aliyekwenda kumtafuta punda wake.

Msimamizi wa nyumba ndiye pekee ambaye hakucheka sana. Yeye analinda nyumba ya ghorofa tatu huko Shela, yenye vyumba sita na birika la kuogelea, na mwenyewe huja Desemba na Agosti. Masika ikianza Shela hunyamaza. Nyumba hufungwa moja moja, magodoro husimamishwa ukutani yasioze, na ukipita kwenye vichochoro usiku unasikia redio moja hapa na nyingine kule mbali. Tulimwambia kwa utani kombora likija lije mwezi wa tano, nyumba za matajiri ziko tupu, kama kule Lumsås.

"Si tupu," alisema. "Mimi nimo."

Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, ile sauti ya kutafuta mteja mwingine, na kwa muda hapakusikika kitu kingine. Sikupata kujua kama nyumba za Lumsås zilikuwa na walinzi wa aina yake. Najua tu kwamba neno "tupu" katika kisa hiki nililisoma mara kadhaa bila kulishtukia, mpaka alipolishika yeye.

Mwalimu alijaribu kutuinua na kisa kingine, na ni kizuri, ingawa nitakipitisha haraka. Tarehe 14 Novemba 1943 rais Roosevelt wa Marekani alikuwa ndani ya manowari Iowa akivuka Atlantiki kwenda mikutano ya Cairo na Tehran. Mojawapo ya meli zilizomsindikiza, William D. Porter, ilikuwa ikifanya zoezi la kurusha topido, bomu lipitalo ndani ya maji, kwa maigizo, ikachagua Iowa iwe shabaha ya kujifanyia, na topido ya kweli ikatoka. Iowa ikageuka, topido ikalipuka nyuma yake, rais akaendelea na safari. Mabaharia husimulia kwamba tangu siku ile kila ilipokwenda, meli ile ilipokewa kwa ukelele: "Msipige, sisi ni Republican!" Roosevelt alikuwa wa chama kile kingine cha Democratic, na hapo ndipo utamu. Mzaha ule haukumtafuta aliyesahau kutoa kiwashio, uliipanda meli nzima, na mzigo wa meli nzima hubebwa na watu mia kadhaa, kila mmoja kidogo. Meli yenyewe ilizama karibu na Okinawa tarehe 10 Juni 1945 baada ya ndege ya Kijapani ya kujitoa mhanga kulipuka chini yake, na mabaharia wake wote wakatoka hai.

Na sisi? Kijana aliuliza kama watu wa Lamu wana chao cha majini cha kuchekesha. Mwalimu akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama Lamu kuna nazi. Vita vya Kuduhu, mnamo 1812: Pate na Mazrui wa Mombasa walishuka Shela kuja kuuchukua mji, wakashindwa, na masimulizi yasema walipokimbilia majahazi yao wakayakuta yamekwama mchangani kwa kuwa maji yamepwa. Washairi wa pande mbili, Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, walirushiana vijembe vya beti juu ya mambo hayo. Miaka mia mbili na ushei tunayacheka majahazi yale yaliyokwama. Ila mifupa ya wale waliokwama ilikaa muda mrefu kwenye mchanga wa Shela, na hakuna aliyeniambia habari ya mifupa kwanza. Kila mara huanza na majahazi.

Ilikuwa imekwisha kusaliwa isha nilipokitoa nilichokuwa nimekisoma kwenye simu, na sijui kama nilifanya vizuri. Niliwasomea habari ya Taiwan. Tarehe 1 Julai 2016, meli ya jeshi la majini la huko ilirusha kombora kwa makosa wakati wa zoezi. Hili nalo lilitafuta shabaha, likaikuta, nayo ilikuwa mashua ya uvuvi. Halikulipuka. Lilipita ndani ya mashua likatokea upande wa pili. Nahodha akafa, watu wengine watatu waliokuwa naye wakaumia.

Swali la mwanzo, kijana amecheka nini, nadhani lilijibiwa hapo, kwa jinsi watu walivyokaa. Mikono ilirudi magotini. Yule mgeni wa Denmark aliweza kushika mlingoti na kucheka kwa sababu ya Jumatatu moja na mwisho wa kiangazi, basi. Kombora ni namna ile ile, kosa ni namna ile ile, hata dakika zinakaribiana. Na lile la Taiwan, pale hapakuwa na wa kulitungia jina.

Ami aliuliza waliliitaje. Nikamwambia jina la mzaha sikuliona, ila la kiwandani ni Hsiung Feng, na maana yake ni upepo shujaa.

Alifikiri. "Kusi naiyua," alisema, "kaskazi naiyua, matlai naiyua. Upepo huo siuyui."

Akainuka, akamlipa muuza kahawa vikombe vyake na cha kijana, akashuka gatini. Maji yalikuwa yanajaa, na mashua yake ilikuwa imefungwa kwa kamba fupi.